Betri Kuukuu Huenda Wapi?

Mazungumzo yetu ya afya leo ni ya historia. Usifunge kitabu. Ni historia ya kitu ambacho pengine kiko chini ya kitanda chako au nyuma ya jiko lako hivi sasa: betri iliyokufa.

Betri ya gari, ya pikipiki au ya sola ikishakufa, huenda wapi? Hapa Majengo, iwe ni Majengo ya Meru au Majengo ya Embu, jibu tunalijua. Mtu wa skrapu hupita na mkokoteni, huipima kwa kilo, hukupa pesa ya unga na kwenda zake. Gereji nazo hupanga betri kuukuu kwenye kona mpaka zitoshe mzigo, kisha pikapu huja kuzibeba. Magari ya miraa, matatu, bodaboda, sola za Mbeere, zote huzaa betri kuukuu. Pikapu ikishapinda kona, hakuna anayeuliza tena. Mwenye gereji amepata pesa, uwanja umesafishika, na maisha yanaendelea.

Serikali huita vitu hivi taka hatari. Maana yake ni taka ambazo zikitupwa ovyo zinaweza kumdhuru mtu, mnyama au maji, hata zikiwa kidogo. Betri ni mojawapo. Nyingine ni sindano za kliniki, makopo ya dawa za kunyunyizia mimea, na ile oili chafu ambayo wengi wetu huipaka nguzo za ua ili mchwa wasile. Kila moja ina historia yake. Leo tunashika betri, kwa sababu ndiyo iliyowafikisha akina mama wa Kenya hadi Mahakama ya Juu.

Ndani ya betri ya gari kuna vitu viwili vya kuogopa: maji makali ya asidi, na madini ya risasi. Lugha yetu imeyaita madini hayo risasi, jina lile lile la kitu kinachotoka kwenye bunduki, kwa kuwa risasi za bunduki hutengenezwa kwa madini hayo. Lakini hii ya betri haitoi mlio. Huingia mwilini kwa vumbi, kwa moshi, kwa mkono usionawa.

Binadamu wameijua sumu hii tangu zamani. Hata hivyo, kuanzia miaka ya 1920 viwanda vya mafuta viliichanganya kwenye petroli ili injini zikimbie vizuri, na dunia nzima ikaivuta. Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar, Senegal, zikakubaliana kuiondoa. Kufikia mwanzo wa 2006 Kenya ilikuwa imeacha petroli yenye risasi. Huo ulikuwa ushindi mkubwa kwa afya ya watoto wetu, ingawa sikumbuki tukiusherehekea. Ila risasi haikwisha duniani. Ilihamia mahali pengine, kwa kuwa siku hizi sehemu kubwa sana ya risasi yote inayotumika ulimwenguni hutengenezewa betri. Na betri kuukuu ni mali: ukiivunja na kuiyeyusha unapata risasi ya kutengenezea betri mpya.

Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la Dandora, Nairobi. Karibu nusu yao walikuwa na risasi nyingi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Mwaka huo huo wa 2007, kule Mombasa, kiwanda kilianza kazi.

Kiwanda hicho kiliitwa Metal Refinery EPZ. Kilijengwa ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani, Jomvu. Kijiji kina watu wapatao 3,000, wengi wao wapangaji na vibarua, nyumba zikiwa zimebanana kama zetu za Majengo. Kazi ya kiwanda ilikuwa kupokea betri kuukuu, kuzivunja na kuyeyusha risasi yake. Moshi ulishukia mabati ya nyumba. Maji machafu yalitiririka kuelekea kijijini. Wanaume wa kijiji walipata kazi humo na kurudi jioni na nguo zilizojaa vumbi, na watoto wakawakimbilia baba zao kuwakumbatia, kama watoto wote wafanyavyo.

Hebu tusimame hapo kidogo, mama. Kiwanda hicho hakikuwa kimejificha porini. Kwa macho ya wengi ulikuwa mpango mzuri: taka hatari inachukuliwa, inageuzwa kuwa mali, vijana wanapata ajira. Kama betri ya gereji ya jirani yako ingesafirishwa mpaka pale wakati ule, mwenye gereji angelala usingizi akijua imefika panapofaa. Ndiyo sababu kuiondoa taka mlangoni ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua inafikia kwa nani, na huyo naye anaishi karibu na watoto wa nani.

Mwaka 2009 mama mmoja aitwaye Phyllis Omido aliajiriwa katika kiwanda hicho. Alikuwa na mtoto mchanga anayenyonya. Mtoto akaugua. Vipimo vya malaria na homa ya matumbo havikuonyesha kitu. Mwishowe damu yake ikapimwa risasi, na risasi ikapatikana. Mama Omido aliacha kazi. Alitafuta watoto wengine wa kijiji wapimwe, nao wakapatikana na risasi. Hapo akajua jambo hili si la nyumba yake peke yake. Alianzisha shirika la kutetea haki na mazingira, akaandika barua, akaandamana pamoja na wanakijiji. Mwaka 2012 alikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi, mahakama ikamwachilia. Kiwanda kilisimama mwanzoni mwa 2014. Mwaka uliofuata, 2015, Mama Omido alipewa tuzo ya Goldman, ambayo ni tuzo kubwa ya dunia kwa watetezi wa mazingira.

Kufungwa kwa kiwanda hakukuondoa risasi ardhini. Utafiti uliochapishwa 2018 ulilinganisha watoto wa Owino Uhuru na watoto wa kijiji kingine cha Mombasa kiitwacho Bangladesh, wote wa umri wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano. Katika kila watoto 100 wa Owino Uhuru, 45 walikuwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu. Kule Bangladesh walikuwa 15. Udongo wa Owino Uhuru ulikuwa na risasi zaidi ya mara kumi kuliko ule wa Bangladesh. Hata hao 15 si wachache, ukiniuliza mimi.

Wanakijiji walikwenda mahakamani 2016. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua kwamba haki yao ya kuishi katika mazingira safi, iliyoandikwa katika kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, ilikuwa imevunjwa. Iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kuagiza udongo wao usafishwe. Hukumu hiyo haikuwabebesha wenye kiwanda peke yao. Idara za serikali zilizopaswa kuwalinda wananchi, NEMA ikiwa mbele, zilibebeshwa sehemu yao ya mzigo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo. Wanakijiji hawakukata tamaa. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha.

Hesabu mwenyewe, kutoka 2007 hadi 2024. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipofunguliwa alikuwa na miaka 17 siku hukumu ya mwisho iliposomwa.

Usifikiri lazima pawe na kiwanda kikubwa. Kule Senegal, katika mtaa wa Thiaroye-sur-Mer jijini Dakar, watu walikuwa wakivunja betri kuukuu kwa miaka mingi uani na barabarani. Bei ya risasi ilipopanda, akina mama walianza kuchota mchanga uliochanganyika na risasi, kuuchekecha na kuuza mabaki yake, wengine wakiuhifadhi nyumbani. Walikuwa wanatafuta chakula cha watoto. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Waliokufa walikuwa wadogo, wale wa kutambaa na kubebwa mgongoni, ambao walikuwa karibu zaidi na lile vumbi.

Kwa nini watoto? Sababu ya kwanza ni tabia yao. Mtoto hutambaa chini, hushika kila kitu, na kila alichoshika hukitia mdomoni. Sababu ya pili imo mwilini. Tumbo la mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne au tano zaidi ya tumbo la mtu mzima. Mwili huidhani risasi kuwa ni kalisiamu, ile ya kujenga mifupa, basi huipokea na kuiweka akiba mifupani. Mtoto asiye na madini ya chuma ya kutosha, yaani mwenye upungufu wa damu, huinyonya zaidi. Ikifika kwenye ubongo unaokua, huuharibu polepole: mtoto huchelewa kusema, hushindwa kutulia, darasani hasongi mbele. Mwalimu humwita mkaidi. Anaweza pia kuumwa na tumbo mara kwa mara, kukosa choo, kukosa hamu ya kula, kupauka. Risasi ikizidi sana huja degedege, kupoteza fahamu na kifo. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Dalili hizi, kama unavyoona, zinafanana na za minyoo, malaria na utapiamlo. Ndiyo maana mara nyingi hakuna anayeifikiria risasi. Ukimpeleka mtoto kliniki na nyumbani kuna mtu anayeshughulika na betri, gereji ya kuchomelea au skrapu, mwambie daktari bila kuulizwa. Kipimo cha risasi katika damu hakipatikani kila zahanati, kwa hivyo neno lako ndilo litakalomfanya daktari akuelekeze hospitali kubwa au maabara inayokifanya. Kwa mtoto aliyezidiwa, zipo dawa za kuitoa risasi mwilini, na hutolewa hospitalini tu. Haziurudishi ubongo ulioharibika. Na wewe unayenyonyesha, usimwachishe mtoto ziwa kwa hofu ya kusoma habari hizi. Nenda mpimwe, daktari ndiye aamue.

Sasa turudi kwenye ile pikapu.

Zamani Kenya haikuwa na sheria iliyomwuliza mwenye gereji betri zake zimekwenda wapi. Sheria ya Afya ya Umma ya tangu ukoloni ilikataza uchafu wa kudhuru watu, basi. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria kuu ya mazingira, na kwa sheria hiyo tukapata NEMA. Mwaka 2006 zikaja kanuni za taka. Hizo ndizo zilizosema kwamba mwenye biashara inayotoa taka hatari anawajibika nazo, azitenge na taka nyingine, na chombo chake kiwe na onyo na alama ya fuvu la kichwa na mifupa. Mwenye kuzisafirisha awe na leseni ya NEMA. Na mzigo uende na karatasi ya kuufuatilia, inayoonyesha umetoka kwa nani, umebebwa na nani na umepokelewa na nani. Sheria ya mwaka 2022 ya usimamizi wa taka imeendeleza wajibu huo wa mwenye taka, na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inamtaka mnunuzi wa skrapu naye awe na leseni. Kaunti kwa upande wake ina kazi ya kuzoa taka, lakini lori la kaunti la taka za nyumbani si mahali pa betri.

Angalia miaka hiyo vizuri. Kanuni zilikuja 2006. Kiwanda cha Owino Uhuru kilifunguliwa 2007. Karatasi ilikuwapo na watoto wakaugua hata hivyo, kwa sababu waliopaswa kuisoma na kuja kuangalia hawakufanya hivyo. Mimi sisemi karatasi haina maana. Ilipofika mahakamani, sheria hizo ndizo wanakijiji walizoshika mkononi.

Na kwa nini wenye gereji wengi humwita mtu wa mkokoteni badala ya msafirishaji mwenye leseni? Kwanza, wa mkokoteni yuko mlangoni na analipa papo hapo. Pili, yeye anataka risasi tu. Asidi haina bei kwake, tena inamwongezea uzito wa bure, kwa hivyo betri humwagwa kwanza. Hapo ndipo Majengo inapoingia katika historia hii moja kwa moja. Asidi ile inayomwagwa mtaroni huwa imeyeyusha risasi ndani yake. Mvua za Machi na za Oktoba huifagia mpaka chini, kwenye bustani ya sukuma wiki na mahali watoto wanapochezea matope. Mwenye kufuata sheria huiacha betri nzima, imefungwa, imesimama wima, juu ya sakafu ya simiti chini ya paa, mpaka msafirishaji aje. Gereji ndogo moja ni vigumu kujaza lori. Gereji kumi za barabara moja zikiungana zina mzigo wa kutosha, na zinaweza kwenda pamoja ofisi ya NEMA ya kaunti, Meru au Embu, kuuliza ni nani wenye leseni ya kubeba. Wewe uliye katika chama cha akina mama pamoja na wake za mafundi hao una mahali pa kuanzia kuliko afisa yeyote.

Wakati hayo yanapangwa, kuna ya nyumbani. Fundi wa betri avue nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake, maji yake yasimwagwe watoto wanapochezea. Betri isikae chumba cha kulala, wala ganda lake lisigeuzwe kuwa la kunyweshea kuku. Nyanya zetu walinyunyizia uwanja maji kabla ya kufagia, na walikuwa na haki: vumbi lililolowa halirukii kifua cha mtoto. Mikono inawiwe kabla ya kula, kila mara. Terere, managu, maharagwe, ndengu, omena na maziwa humpa mtoto chuma na kalisiamu, na mwili ulioshiba vitu hivyo haunyonyi risasi kwa pupa, ingawa chakula si dawa ya kuiondoa iliyokwisha kuingia. Na mama mjamzito unayependa kutafuna udongo, nakuomba sana umwambie muuguzi wa kliniki. Risasi inaweza kuwamo katika udongo huo, na humpitia mama ikamfikia mtoto tumboni.

Jambo hilo la mimba lina sehemu nyingine ambayo watu wachache huijua. Risasi iliyowekwa akiba mifupani hukaa miaka mingi, hata zaidi ya 20. Mwanamke akipata mimba, mwili wake hukopa kalisiamu kutoka mifupani ili kumjenga mtoto, na akinyonyesha hukopa tena. Kalisiamu ikitoka, risasi hutoka pamoja nayo. Wasichana waliokuwa wakitambaa kwenye vumbi la Owino Uhuru mwaka 2007 sasa ni wanawake wa umri wa kuzaa, na wanapokwenda kliniki ya wajawazito, wanastahili kuulizwa walikulia wapi.